Barua ya Wazi kwa Mtunga Ratiba

Kwako Mheshimiwa Mtunga Ratiba,
Hoteli ya nyota tano (jina tumelisitiri),
Nungwi, Unguja.



Sisi wa mapokezi tunakushukuru kwa ratiba mpya. Jumatatu tunatoka saa 5 usiku, Jumanne tunaingia saa 12 asubuhi. Kati yake zimo saa saba, nawe umeziita mapumziko. Toa saa moja na nusu ya basi la wafanyakazi, linaloshusha watu Mahonda, Bububu, Chumbuni mpaka Mwanakwerekwe; toa nyingine ya kurudi. Zinabaki nne, za kuoga, kula kiporo, kusemeshana na mke na, wakibakisha watoto, kulala.

Mgeni akitua kutoka mbali umetufundisha kumpa pole ya safari, tumshushie mapazia, asibughudhiwe mpaka mwili wake uzizoee saa za Zanzibar. Sisi tuliozaliwa hapa bado hatujazizoea. Na ile zamu ya vipande viwili, unatoka saa 5 asubuhi unarudi saa 11 jioni! Katikati uko huru kwenda utakako, ndiyo maana wapishi hukutwa wamelala juu ya magunia ya viazi.

Mwaka 2017 Wamarekani watatu walipata Nobeli ya tiba kwa kuonesha jinsi saa ya ndani ya mwili inavyokwenda. Waliichunguza kwa nzi wa matunda. Nzi hao wamejaa kwenye maembe ya kifungua kinywa. Hawamo kwenye ratiba yako, basi wanalala kwa wakati.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi kubwa kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Saa zetu za wiki ya Krismasi hatuzitaji, tusije tukaonekana tunajisifu.

Usihofu mgomo. Ule wa 1948, ulioanzia kwa wachukuzi wa bandarini ukaenea mjini, ulitaka watu walio macho.

Tuna swali moja tu. Mwenzetu wa usafi wa vyumba ameambiwa na daktari ameze dawa ya presha kila siku kabla ya kulala. Anauliza, Mheshimiwa: umempangia lini?

Wako,
Mapokezi, zamu ya usiku (na ya asubuhi yake)