Papa Mshauri: Besi ya kwaya ina upako?

*Papa Mshauri, napiga besi katika kwaya moja hapa Kasuku. Gitaa langu ni la Kichina, la bei ndogo, lina mikro mbili. Nikiliunga kwenye ampli linanguruma. Nikigusa nyuzi, linanyamaza. Mashemasi wanasema mikono yangu ina upako na wanataka nianze kuombea wagonjwa. Mimi nataka mikro mpya tu. — Mpiga Besi Mwenye Hofu*

Mwanangu, usimwombee mtu kwanza. Mwili wako ni antena: unadaka ngurumo ya nyaya za umeme zilizokuzunguka na kuipelekea gitaa. Nyuzi zimeungwa na waya wa masi (wa ardhi) kupitia daraja, kwa hiyo ukizigusa, ngurumo hiyo inapata njia ya kutorokea. Upako wako, basi, ni waya mmoja uliofichwa chini ya daraja, na tushukuru haujakatika. (Ila siku ukigusa nyuzi ukarushwa, hapo ugonjwa uko kwenye ampli au umeme wenyewe. Chomoa. Usipime imani.)

Sasa mikro. Hata ukiiimbia Zaburi zote 150, haikuundwa kusikia hewa. Ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba; uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo sana unazaliwa, na ampli inaukuza. Gitaa la mikro mbili zilizonyooka kwa kawaida limeiga Jazz Bass, ambayo Fender waliitoa mwaka 1960. Fungua volyumu zote mbili sawasawa. Kama kiwandani walizizungusha kinyume, inavyotakiwa, ngurumo ya moja itaiua ya mwenzake. Kisha pandisha mikro kwa skrubu zake mpaka ibaki nafasi ya milimita mbili tatu chini ya uzi, ukiwa umeubana kwenye chuma cha mwisho cha shingo. Tandika karatasi ya aluminiamu ndani ya tundu la vitasa, uiunge na masi, lakini isiguse kiungo kingine chochote. Na nyuzi zako zina umri gani? Kama zimekunywa jasho la Pasaka tatu, zitoe, zichemshe kama mihogo, zianike.

Baada ya hayo yote, kama moyo bado unataka mikro mpya, nunua. Lakini pima kwanza kwa rula. Kwenye Jazz Bass mikro ya upande wa daraja ni ndefu kidogo kuliko ya upande wa shingo, na baadhi ya magitaa ya bei ndogo yamewekewa mbili zilizo sawa. Mimi nililijua hilo nikiwa tayari nimeshika patasi.

*Papa, nimeweka mikro mpya, nimelipa kwa dola, na gitaa halitoi sauti isipokuwa kwenye uzi mmoja, ule mnene. — Wa Alunguli*

Ndugu yangu, hizo tatu nyingine ulizipata wapi? Nauliza kwa sababu unakaa ng'ambo ya Lualaba, na huko nailoni ya kuvulia ni rahisi kupatikana kuliko nyuzi za gitaa. Sumaku haiioni nailoni. Rudishia wavuvi mali yao, utafute waya wa breki ya baiskeli. Utasikika vibaya, lakini utasikika.

*Papa Mshauri, mume wangu amefungua spika ya redio yangu akachukua sumaku, akafungua feni akachukua waya. Anasema anatengeneza mikro. Jana tumekula sombe bila mawese kwa sababu pesa amenunulia lehemu. Huyu ni mzima? — Mama wa Mikelenge*

Mama, pole. Nianze kwa kumtetea, maana baadaye sitaweza. Kinshasa alikuwako Mawangu Mingiedi wa kundi la Konono No. 1. Alitaka likembe zake, vinanda vya kupigwa kwa vidole gumba, zisikike juu ya kelele za mtaani, akajitengenezea mikro kwa sumaku za vipuri vya magari. Mwaka 2004 ikatoka albamu Congotronics, na miaka sita baadaye kundi hilo likasikika kwenye The Imagine Project ya Herbie Hancock wa Marekani. Kwa hiyo, wazimu wa mumeo una ukoo.

Lakini magari yale yalikuwa yamekwisha kufa. Redio yako ilikuwa hai. Isitoshe, mikro ya besi inataka waya wa unene wa kama milimita 0.06, mwembamba kama unywele wako, mizunguko elfu kadhaa. Waya wa feni ni mnene. Nafasi itajaa mapema, na atakachopata ni mnong'ono. Atalaumu ampli. Akiomba pesa ya ampli, mwonyeshe barua hii.

Airudishe sumaku. Na mpaka spika itakapopona, kila jioni asimame mlangoni akusomee habari za Radio Okapi, kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili, bila kukohoa.