Shangazi na Fomu ya Hatari

Binadamu, kwa tabia aliyoumbiwa, huyaogopa kwa adabu kubwa mambo yaliyo mbali naye, na yaliyo karibu naye huyapuuza kwa moyo mkunjufu. Kwani mtu yule yule ambaye hapandi chombo cha kwenda Pemba mpaka awe amesomewa dua na kuagana na jamaa zake wote, utamkuta jioni amesimama juu ya kigoda kilichowekwa juu ya meza, miguu mitupu na mikono majimaji, akibadilisha taa ya umeme huku akimwuliza mkewe kama chai iko tayari. Simlaumu. Hatari ikishakaa ndani ya nyumba muda mrefu huwa jamaa wa nyumba: hupewa mahali pake, watu hujifunza kuipisha wakipita, mgeni akikwaruzwa nayo huambiwa, "Pole, tulisahau kukwambia," na yeyote atakayetamka kwamba sasa iondolewe huonekana mtu asiyejua kuunga udugu.

Ofisini kwetu, hapa Tanga, penye shughuli za kupokea na kutoa shehena za bandarini, hatari za namna hii zilikuwa zimestarehe miaka na dahari mpaka alipoletwa kijana mmoja msomi, mpole wa maneno, mwenye daftari la jalada gumu, akapewa cheo cha Afisa wa Usalama. Nchi hii ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, iliyotungwa mwaka 2003, nayo humlazimu mwajiri kuzitafuta hatari za mahali pake pa kazi, kuzipima na kuzipunguza kabla hazijamfika mfanyakazi. Na kijana huyo, ambaye alikuwa ametoka mafunzoni siku si nyingi, alikuwa ameihifadhi kifungu kwa kifungu. Alitukusanya, akatueleza kwamba hatari hupimwa kwa hesabu inayojazwa kwenye fomu: kwanza hutazamwa uwezekano wa jambo kutokea, ukapewa namba kuanzia 1 mpaka 5, kisha hutazamwa ukubwa wa madhara, nao ukapewa namba yake vivyo hivyo, hatimaye namba mbili hizo huzidishwa, na jawabu likikaribia 25, kazi husimama. Mhasibu wetu, ambaye hajapata kusikia hesabu isiyohusu fedha, aliuliza mkubwa wa ofisi akiingia asubuhi bila ya kuamkia mtu huwa ana ngapi. Kijana alijibu, kwa heshima zote, kwamba fomu haina nafasi ya kumwandika.

Siku ya ukaguzi tulimfuata chumba kwa chumba, tukijidai kwamba tunamsaidia, ilhali kila mmoja alikuwa akitaka kushuhudia aibu ya chumba cha mwenzake. Mtungi mwekundu wa kuzimia moto ulikutwa kwenye kazi yake ya siku zote, yaani kuushikilia mlango wa stoo usijifunge kwa upepo wa kusi, na mshale wa kipimo chake umelala kwenye sehemu nyekundu, maana yake ni kwamba msukumo wa ndani umekwisha na kilichobaki ni chuma kizito kisichofaa ila kwa kazi hiyo ya mlango. Katika chumba cha chai alifungua plagi ya birika la umeme, akakuta mahali pa fyuzi pametiwa kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kimekunjwa kwa ustadi na kushindiliwa. Fyuzi hutengenezwa dhaifu kwa makusudi, ili umeme ukizidi iungue yenyewe kabla waya haujashika moto. Karatasi ile haikuwa na nia ya kuungua kwa ajili ya mtu yeyote. Aliyeitia hakujulikana, ingawa sote tulielekeza macho kwa mtu mmoja, naye akayaelekeza yake dirishani.

Ajabu kubwa ilikuwa uani. Desturi ya mambo haya ni kwamba kila mahali pa kazi pawe na pahala palipotengwa, ambapo king'ora kikilia watu wote watakusanyika na kuhesabiwa, ijulikane nani ametoka na nani amebaki ndani. Na kwa kuwa ua wetu hauna kivuli ila kimoja, na kijana ni mtu mwenye huruma asiyependa kuwahesabu watu juani, bango la kijani lenye maandishi meupe, MAHALI PA KUKUTANIA, lilipigiliwa kwenye shina la mnazi. Mnazi wenyewe ni mzee, umelipita paa la ofisi kwa mbali, na juu yake, kwa aliyejaliwa shingo ya kutazama, palikuwa na mashazi ya nazi pevu, nyingine zimekwisha kukauka makumbi.

Jambo hili si la mzaha kwa kadiri linavyosikika. Daktari Peter Barss, aliyepata kutibu watu katika jimbo la Milne Bay huko Papua New Guinea, alichapisha mwaka 1984 makala ya kitabibu juu ya majeraha yaletwayo na nazi zinazoanguka, akaonyesha kwamba katika muda wa miaka 4, asilimia 2.5 ya waliolazwa kwa majeraha katika hospitali ya jimbo hilo walikuwa wamepigwa na nazi. Na mwaka 2001 akatunukiwa Ig Nobel, tuzo itolewayo Marekani kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Uvumi uliozuka kisha, kwamba nazi huua watu 150 kila mwaka duniani, haumo katika makala yake, bali watu wanaupenda sana na sidhani kama utakufa. Sisi wa mwambao hatukungoja takwimu: nazi pevu pamoja na kumbi lake huweza kupita kilo moja na nusu, mnazi mrefu hupita mita 20, na mwenye mnazi mwenye akili humwita mkwezi aziangue kabla hazijajiangua.

Bawabu wetu, mzee wa makamo ya babu zetu, huweka kiti chake kwenye jua la lango hali kivuli kipo hatua chache kutoka hapo. Kijana alimwendea, akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba.

"Mzee, king'ora kikilia utakwenda wapi?"

"Ng'ambo ya barabara, mwanangu."

"Lakini bango linasema hapa."

Mzee alitazama juu, akalitazama bango, kisha akamtazama kijana kwa upole. "Hapo nendeni ninyi wenye bima."

Zoezi lilifanyika hata hivyo. King'ora kilipolia, wa kwanza kutoka walichukua mikoba yao, wa pili wakarudi kuchukua vibakuli vya chakula cha mchana, na mhasibu akakataa katakata kutoka mpaka akamilishe kujumlisha safu ya mwisho, kwa hoja kwamba moto wa kweli ungekuwa na moshi. Tulipokwisha kukusanyika chini ya mnazi, na kijana ameanza kutusomea majina, upepo ulivuma na kuti kavu likashuka kwa kishindo, likaangukia upande wa pili wa shina bila ya kumgusa mtu. Na umati ule, ambao ulichukua karibu robo saa kutoka ndani ya jengo, ulifika ng'ambo ya barabara kabla kijana hajafunika kalamu yake. Mzee alikuwa ametangulia.

Nakala moja ya fomu ile niliichukua nikaenda nayo nyumbani, mtaa wa Ngamiani, ambako mwenye amri ni shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, mwanamke ambaye hajapata kuhudhuria mafunzo yoyote isipokuwa ya kuishi. Nilimkuta amekalia mbuzi, anakuna nazi. Asiyemkumbuka mbuzi wa jikoni na amkumbuke: kigoda cha miguu iliyopishana, mbele yake umechomoza ulimi wa chuma wenye meno yaliyonolewa kwa tupa, na kimo cha ulimi huo, Mungu atulinde, ni sawasawa na uso wa mtoto anayejifunza kusimama. Niliandika 4 kwenye uwezekano, 3 kwenye madhara.

"Shangazi, mbuzi huyu ana kumi na mbili."

"Kumi na mbili za nini?"

"Za hatari."

Hakuacha kukuna. "Mbuzi huyu, baba, alikuwa wa bibi yako. Amewakata watu wote wa ukoo huu, mmoja mmoja, na hakuna aliyerudia."

Nilimsomea fomu yote, safu kwa safu. Alisikiliza kwa utulivu, akakung'uta kifuu, akasema kwamba yeye anazijua hatari za namna mbili tu: iko inayotia adabu na iko inayozika, ile ya kwanza mtu humwachia mtoto imfunze, ila akiinuka tu kazini humkunja mbuzi akamtundika ukutani, na ile ya pili mtu haifundishi, huiondoa. Akatoa mfano wa mafuta ya kukaangia maandazi yakishika moto: mwenye akili huzima jiko na kuyafunika kwa kifuniko cha chuma, wala si kwa kawa, na asiye na akili huyamwagia maji. Ni kweli. Maji ni mazito kuliko mafuta. Huzama chini, hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huchukua nafasi inayozidi ya maji kwa zaidi ya mara 1,600, ukayarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Shangazi hakuijua hesabu hiyo, na dari ya jiko lake haina doa.

"Sasa weka karatasi hiyo chini," akaniambia, "upige magoti. Mjukuu wangu anatambaa. Wewe umekagua nyumba ya mtu mzima."

Kwa hiyo nilitambaa. Sikupata kudhani kwamba nyumba niliyokulia ina nchi nyingine chini yake, yenye mandhari yake na wakazi wake. Chini ya cherehani palikuwa na sindano; chini ya kabati, betri ya saa, ile bapa inayofanana na kifungo, ambayo mtoto akiimeza na ikanasa kooni huweza kulichoma koo lake ndani ya saa 2; waya wa birika ulining'inia ukingoni mwa meza, ukiomba kuvutwa; na nyuma ya mlango wa jiko, shingo juu, imesimama chupa ya soda iliyojaa mafuta ya taa, yameng'aa na kukaa kama kinywaji hasa. Nilikuwa nikiivuta hiyo chupa, kalamu sikioni na magoti yamejaa vumbi, jirani yetu mmoja alipobisha hodi na kukaribishwa.

"Amepoteza nini?"

"Hajapoteza kitu," alisema shangazi. "Yuko kazini."

Jirani alinipa pole ya kazi, akaomba chumvi, akaenda zake.

Mkwezi alikuja ofisini juma lililofuata, na nazi akagawana na bawabu. Mtungi ukajazwa upya na kutundikwa, na mlango wa stoo sasa unashikiliwa na tofali, ambalo kijana ameliandika kwenye daftari kuwa hatari mpya, uwezekano 4. Nyumbani, shangazi amekubali kuiweka fomu yangu chini ya kopo la sukari, kuzuia sisimizi.

Nawe msomaji, ikiwa una mtoto anayetambaa, piga magoti leo kabla ya magharibi uizunguke nyumba yako. Ukiyakuta mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda, yahamishie katika galoni lenye kifuniko cha kukaza, liandike, uliweke juu. Na mtoto akiwa amekwisha kuyanywa usimtapishe, kwani akitapika huweza kumwingia mapafuni, bali mpeleke hospitali papo hapo. Namba ya zimamoto hapa Tanzania ni 114. Iandike ukutani, karibu na mlango wa jiko.