Sifa za Wafungwa Wetu

Leo nawasifu wafungwa. Msidhani nasema watu wa gerezani. Hao wana mawakili wao. Nasema vijana kumi na mmoja wa mtaa wetu hapa Kasongo, waliofungwa msimu mzima, kiwanjani, mchana kweupe, mbele ya mama zao. Walifungwa nyumbani, wakafungwa ugenini. Walifungwa kwa kichwa, kwa penalti, na mara moja kwa kisigino cha beki wao wenyewe, goli zuri mno hata wapinzani wakalipigia makofi. Siku moja tu hawakufungwa, na siku hiyo mvua ilimrudisha refa nyumbani kabla ya mpira kuanza.

Washindi wana watu wa kuwasifu: redio, waheshimiwa wanaotafuta kura, na kila aliyewahi kupita karibu na kiwanja. Wetu hawana mtu. Basi nimejitolea.

Hapa Kasongo mtu hasifiwi kabla ya kutajiwa nasaba. Mji huu ulikuwa makao ya Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip mfanyabiashara wa pembe, na tangu zama hizo kila mzee wa hapa anamjua babu wa babu yake, na asiyemjua humtunga. Mimi sitatunga. Nasaba ya wafungwa wetu inajitosheleza.

Upande wa baba wanatoka kwa Chui wa Zaire, timu ya taifa nchi yetu ilipoitwa hivyo. Machi 1974 Chui walichukua Kombe la Afrika huko Misri, na Mulamba Ndaye peke yake akafunga magoli 9, rekodi ya mashindano yale ambayo haijavunjwa hadi leo. Rais Mobutu akawazawadia nyumba na magari. Miezi mitatu baadaye wakaenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Scotland wakawafunga 2, Yugoslavia wakawafunga 9, Brazil wakawafunga 3. Magoli 14, na wao hawakurudisha hata moja. Katika mechi ya Brazil filimbi ililia ili Wabrazil wapige faulo yao. Mwepu Ilunga akachomoka ukutani, akaupiga yeye, mpira ukaenda zake mbali. Dunia bado inamcheka. Mimi naona ndiye pekee aliyefikiri vizuri siku ile: mpira wasioupiga wao hauwezi kuingia.

Upande wa wajomba wanatoka kwa timu ya kriketi ya Afrika Mashariki. Kwa asiyeujua mchezo huo: mtu mwenye gongo analinda vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake, na mpinzani anamrushia mpira ili aviangushe na kumtoa. Mwenye gongo akiupiga mpira mbali, hukimbia, na mbio zake ndizo zinazohesabiwa. Juni 1975, Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo lilipochezwa Uingereza, wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walichangwa wakawa timu moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya marais, ilivunjika miaka miwili baadaye kwa ugomvi. Hii ya wachezaji ilielewana mpaka mwisho: walishindwa pamoja mechi zote tatu. New Zealand waliwazidi kwa mbio 181, England kwa mbio 196. Mbele ya India walitolewa wote kwa mbio 120, na India wakazipita bila hata mtu wao mmoja kutolewa.

Sasa tazameni ukarimu wa wajomba hao. Siku ya mechi ya New Zealand, Glenn Turner wao alipiga mbio 171 bila kutolewa, na katika Kombe la Dunia hakuna aliyezipita mpaka mwaka 1983. Bishan Bedi wa India alirusha ova 12, yaani mipira 72, na mbio zilizopatikana kwake zilikuwa 6 tu. Wapenzi wa kriketi wanaitaja hesabu hiyo hadi leo. Nani aliwapa majina hayo? Mshindi hujenga jina moja, la kwake. Mshindwa huwajengea wenzake. Tena mbele ya New Zealand walisimama ova zote 60, mipira 360, bila kutolewa wote. Kusimama mbele ya mpira wa mia tatu na sitini ilhali umejua tangu wa mia kwamba mambo yamekwisha, hilo ni la kupigiwa ngoma.

Kaka yao mkubwa, AS Maniema Union ya Kindu, naye hakuuacha ukoo. Msimu wa 2024/25 aliingia makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Mechi ya kwanza akatoka sare 0-0 na Mamelodi Sundowns, kwao Afrika Kusini. Hapa tukaingiwa na hofu kwamba mtoto anaukana ukoo. Kundi lilipomalizika alikuwa wa mwisho. Tukapumua.

Nasaba imetosha, sasa matendo. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa kipimo hicho nionyesheni mshindani kuliko wetu: wao wanakubali hata kabla ya kuvaa jezi.

Tazameni safari yao ya Kabambare, kwenda kucheza ugenini. Walikwenda kwa pikipiki nne, watatu watatu nyuma ya kila dereva, mpira umefungwa kwa mpira wa baiskeli juu ya taa. Penye tope walishuka wakasukuma, penye vumbi walipanda wakakohoa. Wenye maneno wanasema walifika miguu imekwisha. Nawakumbusha kwamba mwaka 1870 David Livingstone alikwama huko huko, miezi mingi amelala na vidonda vya miguu. Msafiri aliyevuka nusu ya Afrika, miguu ilimshinda Kabambare kwa miezi. Sisi ilitushinda kwa dakika tisini tu.

Magoli yalikuwa saba. Milingoti haikuwa na nyavu, na nyuma yake kulikuwa na shamba la muhogo ambamo mama mmoja alikuwa akichuma sombe. Goli la kwanza, kipa wetu alikimbia kuufuata mpira. La pili alitembea. La tatu alisalimia.

“Jambo, mama.”

“Jambo, mwanangu. Hujambo?”

La nne mama akauliza, “Tena?” Naye akajibu, “Tena, mama.” La tano kipa akaulizia habari za watoto, wachezaji wote kiwanjani wakingoja, refa akitazama saa yake. La sita akarudi anatafuna karanga. La saba hakuwa na haja ya kuingia shambani: mpira ulikuwa ukimngoja kando ya kikapu, mama ameshaufuta tope kwa pindo la kikwembe chake. Niambieni, ni kipa gani wa timu ya mabingwa aliyewahi kupata jamaa ugenini? Kipa wao alisimama mchana kutwa hana wa kusema naye.

Lakini fadhila yao kubwa bado sijaitaja. Huku kwetu kila kizuri huondoka. Pembe za ndovu ziliondoka kwa mabega ya watu, kupitia Ujiji na Tabora mpaka pwani, na wengi walioondoka nazo hawakurudi kusimulia. Aprili 1893 jeshi la Leopold, mfalme wa Ubelgiji, likiongozwa na kamanda wake Dhanis likauteka mji, tukadhani sasa vitu vitabaki. Njia tu ndiyo iliyogeuka: badala ya kwenda mashariki vikashuka na mto. Dhahabu ya Namoya imo katika ardhi ya Kabambare hiyo hiyo, lakini ikitoka shimoni haipiti sokoni kwetu kusalimia. Na ushindi nao ni mali ya namna hiyo. Lile kombe la 1974 lilichukuliwa na rais, likawa lake, likawa la chama chake. Yale magoli 14 hakuyataka. Aliwaachia wachezaji, na wachezaji wakaja nayo nyumbani kwetu, ambako yapo mpaka leo, tunayasimulia bure.

Ndiyo maana nawapenda wafungwa wetu. Katika yote yaliyotoka kwenye udongo huu, kushindwa kwao ndiko pekee ambako hakuna mtu aliyekuja na mizani.

Muulizeni mpenzi wa mpira wa Kabambare. Yule kijana wao aliyetufunga magoli manne kati ya yale saba aliondoka kabla kiangazi hakijaisha. Mtu alikuja kutoka mjini, akamtazama mechi moja, akaongea na baba yake jioni, asubuhi kijana akapanda lori. Wanasema atacheza kwenye televisheni. Wanasema atajenga. Jumapili hizi wenzake wanacheza bila mshambuliaji, na mdogo wake anavaa viatu vyake alivyoviacha, vinampwaya.

Kipa wetu hakuna aliyekuja kumtazama. Ana kibanda cha kuchajia simu karibu na soko, betri moja, sola moja, waya kama utumbo. Jumatatu baada ya mechi ya mwisho ya msimu nilimpelekea simu yangu. Aliipokea kwa mikono miwili. Mikono ile simu haijawahi kuiponyoka.

“Msimu ujao mtakuwepo?” nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua litachomoza. “Twende wapi, papa?”