Sifa Njema za Wasiwasi wa Chaji

Waliosifu pombe wapo, waliosifu wabunge wapo, na hata mbu amewahi kupata wa kumwonea huruma. Wasiwasi wa chaji haujapata mtu. Nauzungumzia ule unaomshika dereva wa gari la umeme akiwa kati ya mji na mji, anapotazama dashibodi na kuona kwamba kilomita zilizobaki kwenye betri ni chache kuliko zilizobaki barabarani. Wenye magari hayo wanauficha. Wauzaji wanaapa kwamba ulikwisha zamani. Wapinzani wanautaja kwa kejeli tu, wakiwa wameegemea magari yao ya dizeli. Mimi nimesafiri nao barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, na leo nimesimama kuutetea, kwa kuwa sijaona mwenzi wa safari aliye macho kiasi hicho.

Kwanza ni mwalimu. Muulize dereva wa petroli Nairobi iko mita ngapi juu ya bahari. Atakwambia ana haraka. Kwake kilomita zile zipatazo 480 ni tambarare yenye malori. Lakini mwenye Nissan Leaf ya zamani, ya betri ya uniti 24, anajua kwa mwili wake kwamba anaishi mlimani, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwamba kushuka Mombasa ni zawadi na kurudi ni kodi. Hesabu yenyewe ni ya sekondari. Gari la tani moja na nusu, ukilitoa ufukweni na kulifikisha Nairobi, linakula karibu uniti 7 za umeme kwa kupanda peke yake, kabla hujalipia upepo na matairi. Uniti 7 kati ya 24! Mwalimu wetu wa fizikia aliandika kanuni hiyo ubaoni muhula mzima na hatukumsikia. Wasiwasi wa chaji unaifundisha kati ya Voi na Mtito Andei, na hakuna anayefeli.

Somo la pili ni upepo. Upepo unalipinga gari kwa mraba wa mwendo wake, maana yake ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 110, upinzani unakaribia kuongezeka maradufu. Sheria inaliruhusu gari dogo kwenda kasi kuliko 80 kwenye barabara kuu. Wasiwasi haukuruhusu. Utakwenda 80, tena nyuma ya lori la makontena linalokukinga upepo, madirisha yamefungwa kwa sababu dirisha wazi linakokota, kiyoyozi kimezimwa kwa sababu nacho kina tumbo, na jasho likikutiririka hadi kwenye mkanda. Askari wa trafiki aliyejibanza kichakani na kamera yake anakuona unapita kwa 78. Hana la kuzungumza nawe. Barabara hiyo imezika watu wengi, na kila sikukuu tunaandikiwa mabango ya kutusihi tupunguze mwendo. Hakuna bango hata moja lililowahi kunishika mguu wa kulia jinsi kilivyonishika kile kinambari cha dashibodi.

Na kinambari chenyewe si cha kuaminika, jambo ambalo ni sehemu ya malezi. Kinakisia kilomita zilizobaki kwa kuangalia ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Ukiteremka mlima kinafurahi na kukuahidi Voi. Ukianza kupanda kinakana kila kitu. Baada ya hapo unamwona kobe. Ndiyo, kobe. Leaf ina taa ya kobe kwenye dashibodi, inayowaka betri inapokaribia kuisha, na gari likajipunguzia nguvu lenyewe. Katika ngano zetu kobe ndiye anayewashinda wenye mbio. Wajapani wamemweka pale bila kutuandikia kama anafika. Wakati huohuo yule mama aliye ndani ya redio, ambaye kila mwenye gari lililotoka mnadani Japani anamfahamu, anaendelea kukukumbusha kwa Kijapani kuhusu kadi ya kulipia barabara za kwao. Hana habari na Emali.

Lakini sifa kubwa ya wasiwasi huu ni kwamba unamkabidhi mtu nchi yake. Kwa miaka mingi Mtito Andei niliijua kwa choo na soda. Nusu ya safari, dakika kumi, twende. Sasa naijua kwa soketi.

Aliyenijulisha ni mama mmoja mwenye hoteli ya kando ya barabara, hoteli kwa maana yetu, ya chai na chapati. Nilimkuta akisukuma unga.

"Habari, mama. Naomba kuchaji."

"Chaji ni ishirini. Leta simu."

"Si simu, mama. Ni gari."

Akaacha mti wa chapati, akajifuta mikono kwenye aproni, akatoka nje. Alilizunguka gari, akainama kuchungulia chini, akauliza injini iko wapi. Kijana wa bodaboda akamweleza, "Hii ni ya stima, mathe." Naye, kwa kuwa ni mfanyabiashara, hakupoteza muda kushangaa. "Inakula uniti ngapi?" Nikamwambia kumi hivi. Akaenda kwenye kile kibonyezo cha mita kilichopigiliwa nyuma ya kaunta, akabonyeza, akasoma: zimebaki nne, na ana friji. Basi akanisomea tarakimu 11 za mita, nikalipa kwa simu, tokeni ikaja na tarakimu zake 20. Kijana wa bodaboda akawa anazisoma kwa sauti ya mwadhini na mama anabonyeza. Mara ya kwanza mita ikakataa. Mara ya pili watu wa meza ya nyuma walikuwa wameshaacha kula ili kusaidia kuhesabu. Ilipokubali, tulipigiana makofi, na waya ukapitishwa dirishani.

Dakika kumi baadaye akawasha kikaango cha chipsi, swichi kubwa ikaruka, hoteli nzima ikawa kimya. Kikaango na gari havikai soketi za nyumba moja. Madereva wa malori waliokuwa wakingoja chipsi walinitazama kwa namna ambayo sitaieleza. Mama akatoa hukumu papo hapo: zamu. Chipsi kwanza, gari baadaye, kisha chipsi tena. Kila aliyeingia na kuagiza chipsi aliirefusha safari yangu, na siku hiyo, nadhani, Mtito Andei yote ilitamani chipsi. Jioni ilinikuta nikiwajua wapishi kwa majina, nimeelezwa kesi ya shamba la Kibwezi tangu mwanzo wake, nimeombwa ushauri kuhusu kijana anayetaka kwenda Qatar, na nimetoa. Mwenye petroli angepata wapi heshima hiyo? Yeye hujaza tangi kwa dakika nne na kubaki mgeni.

Nikiri kwamba mashine za chaji ya haraka zipo, na zinaongezeka. Hazijaua wasiwasi, zimeusomesha zaidi. Betri hupokea umeme mwingi ikiwa tupu na kuanza kujivuta ikikaribia asilimia 80, kama muuza mahindi anayejaza gorogoro: sehemu kubwa anaimimina, ukingo anaupanga punje kwa punje. Kwa hiyo dereva mwerevu anang'oa waya kwenye 80 na kuondoka, akiacha juu asilimia 20 anazozihitaji kuliko kitu chochote duniani. Tena Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji. Ukiichaji kwa haraka mara mbili ndani ya siku moja ya joto la Tsavo, mara ya pili inapokea polepole, ili isijiunguze. Mashine inaitwa ya haraka, betri imekataa haraka, na wewe umekaa kivulini ukijifunza subira ambayo wengine huilipia kwenye semina.

Na subira ina malipo yake. Makindu kuna hekalu la Masingasinga, lililojengwa 1926 katika mji uliotokana na reli, ambapo msafiri yeyote hupewa chapati, dengu na chai bila kuulizwa dini wala pesa. Vua viatu, funika kichwa, kula, kisha osha ulichotumia. Wanaoharakia Mombasa huliona kuta tu. Mbele zaidi, Mackinnon Road, kuna msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyekuwa msimamizi wa wafanyakazi wakati reli ikijengwa, na wasafiri wengi husimama hapo kuomba dua wafike salama. Nimewaona wenye magari makubwa wakipita bila kugeuza shingo. Dereva mwenye asilimia 14 na mji wa Mariakani bado uko mbali, yeye huomba, hata kama siku za kawaida si mtu wa ibada.

Undugu nao unafaidika. Kwa desturi za wengi wetu mkwe halali kwa wakwe zake; anasalimia, anakula, anaaga jua likiwa juu. Betri haina desturi. Kwa soketi ya kawaida ya nyumbani, uniti 24 zinahitaji saa kama kumi, na saa kumi baada ya chakula cha mchana ni usiku wa manane. Nimesikia baraza zima la wazee likikaa chini ya mwembe kuamua suala la gari lililokuja kuposa na kushindwa kuondoka. Uamuzi ulikuwa wa hekima: gari lilale kwa baba mdogo, ng'ambo ya ua, na waya upite kwenye michongoma, ili umeme utoke kwa mkwe lakini mgeni asiwe kwake. Semeni gari gani la petroli limewahi kuwapa wazee kazi ya maana hivyo.

Kuna watakaosema wasiwasi huu ni aibu ya teknolojia changa. Wasome historia. Agosti 1888 Bertha Benz alichukua gari la mumewe bila kumwaga, akawapakia wanawe wawili, akatoka Mannheim kwenda kwa mamake Pforzheim, kilomita kama 100. Hiyo ndiyo safari ndefu ya kwanza ya gari inayojulikana, na katikati yake mafuta yalipungua. Kituo cha mafuta hakikuwepo popote duniani. Akaingia duka la dawa pale Wiesloch, akanunua ligroini, kimiminika walichouziana watu kwa ajili ya kutoa madoa ya nguo, akamimina kwenye gari na kuendelea. Mama wa Mtito Andei na mwenye duka lile la Wiesloch ni watu wa ukoo mmoja. Petroli ililelewa na wasiwasi huohuo, ikakua, ikatajirika, na sasa inajifanya haikumbuki.

Upande wa uzalendo nitapita haraka, maana mambo ya uzalendo yakielezwa sana yananuka kampeni. Itoshe kusema kwamba usiku wa 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, mwenye petroli alipoteza taarifa ya habari. Mwenye gari la umeme alipoteza Jumamosi yake. Tangu hapo anafuatilia mvuke wa Olkaria, uliokuwa ukizalisha umeme tangu 1981 bila yeye kuuliza, kwa bidii ambayo wengine huiweka kwenye ligi ya Uingereza. Mvua ikichelewa anaulizia mabwawa ya Mto Tana. Transfoma ikilipuka mtaani, yeye ndiye wa kwanza kupiga simu, na anajua namba kwa kichwa.

Sasa habari mbaya. Magari mapya yanakuja na betri za uniti 60 na zaidi, zinazopozwa kwa maji, zinazokwenda kilomita 400 bila kumwonyesha mtu kobe. Mwenye gari la namna hiyo atanywa chai mara moja, atachaji akienda haja, na atafika Nyali akiwa hajui jina la mtu hata mmoja njia nzima. Vifaru weusi wa Tsavo walipopungua walijengewa uzio Ngulia na kuwekewa walinzi wenye bunduki. Wasiwasi wa chaji hauna hata mbunge mmoja wa kuuulizia swali.

Kwa hiyo anayetaka kuuonja ukiwa bado mbichi asichelewe. Zile Leaf za uniti 24 haziongezeki nchini, maana Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na zilizopo zinazeeka vizuri kabisa. Zina vijistari 12 pembeni mwa dashibodi vya kuonyesha afya ya betri, na joto na miaka huvifuta kimoja kimoja. Usinunue yenye 12, hiyo itakufikisha. Tafuta yenye tisa, au nane ukiwa na roho ngumu; patana bei bila huruma, nunua ekstensheni nene ya mita 30, weka pesa za tokeni kwenye simu, uondoke Nairobi asubuhi na mapema. Chipsi za Mtito Andei ni tamu, ila ziagize baada ya gari kujaa.