Lita Ngapi za Upendo?

Akina mama wafugaji wa pande za Elwak, Kaunti ya Mandera, husuka vyombo vya maziwa kwa nyuzi za mimea, wakikaza hadi visivuje. Kisha huvifukiza kwa moshi wa kuni ili maziwa ya ngamia yasiharibike upesi.

Chombo kama hicho kikifika duka la mtandaoni hupewa wasifu mpya: “roho ya jangwa”, “kimesukwa kwa upendo”. Kinabeba lita ngapi? Kimya. Kinasafishwaje? Upendo tena.

Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mikono lililoanzishwa 2005, liliwaruhusu wauzaji mwaka 2013 kutumia watengenezaji wa nje. Kumbe hata upendo hupewa kandarasi!

Mnunuzi wa Elwak yeye hunusa moshi, akatia maji, akainua chombo kutazama kitako, ndipo aulize bei.