Mjomba, Tutatembea Wapi?

Kamati ya harusi ina mwenyekiti, mweka hazina, mtu wa chakula, mtu wa mapambo na mtu wa muziki. Sasa imezuka kazi nyingine isiyo na posho: kutembeza wageni. Nimetwishwa mimi, na sababu ni moja tu. Ninakaa Kidahwe, njia panda, pale barabara ya Kasulu na ya Uvinza zinapokutana na inayoshuka Kigoma mjini. Watu wameamua kwamba anayekaa njia panda anazijua njia zote.

Anayeolewa ni binti wa dada yangu. Muoaji ni kijana wa Ujiji aliyekulia Dar es Salaam, kwa hiyo msafara wake wote umetoka huko. Wamefika Alhamisi, wengine kwa basi na wengine kwa treni, miguu imewavimba. Nikaha Ijumaa, walima Jumamosi, Jumapili safari. Hapo katikati wanataka waone sokwe wa Gombe.

"Mjomba," kijana mmoja kaniuliza, miwani ya jua kaivaa mpaka sebuleni, "Gombe ni shilingi ngapi kwa bajaji?"

Bajaji! Gombe haina barabara, mwanangu. Unashuka mwalo wa Kibirizi, unapanda boti. Ile ya abiria ina magunia, ndoo, na mama anayerudi kijijini na godoro lake. Inakupeleka leo, kurudi ni kesho. Ukitaka ya kukodi, bei yake usiulize ukiwa umesimama. Na ukishafika, mwenye mafua hasogezwi karibu na sokwe, kwa sababu kikohozi chetu kinaweza kuwaua. Nikatazama sebule nzima: nusu ya wageni wanapiga chafya kwa kiyoyozi cha basi. Mtafiti Jane Goodall alifika pale Julai 1960, akachukua miezi kadhaa kabla sokwe hawajakubali awasogelee. Huyu wangu anataka wamzoee kati ya nikaha na pilau.

Basi nikawapeleka Ujiji, ambako ndugu wa bwana harusi wenyewe hawakuwahi kuingia kwenye makumbusho. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Mwembe wenyewe ulishakufa, miembe iliyopo inasemwa ni uzao wake. Ndani kuna sanamu za wazungu wawili wanasalimiana, kofia mkononi. Kila mgeni kajipachika katikati yao akapigwa picha, na kina dada wakapiga na sare ya kitenge, na viatu vya mchuchumio vikizama kwenye udongo. Mwongoza wageni alieleza vizuri sana jinsi mmoja alivyotembea toka pwani akimtafuta mwenzake. Shangazi wa bwana harusi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani alikuwa anamdai kiasi gani?"

Swali zuri kuliko yote niliyosikia siku hiyo. Mimi kinachonikera ni kwamba watu wanaondoka Ujiji wakijua kofia mbili tu. Mji ulikuwepo. Wapelelezi Burton na Speke waliufikia mwaka 1858, na waliukuta una soko, una wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, na njia ya misafara iliyobeba pembe za ndovu na watumwa hadi Bagamoyo. Waliobebeshwa hiyo mizigo hawana sanamu yenye kofia. Hata hao kofia wawili wana utata: jirani zetu Burundi wana jiwe lao pale Mugere, kusini mwa Bujumbura, na wapo wanaokuambia walikutana huko. Ukweli ni kwamba walipita huko baadaye, Novemba mwaka huohuo, wakalala, wakaondoka. Kama wageni wangu.

Tukarudi mjini. Stesheni ya Kigoma haina kiingilio, kwa hiyo niliisifu kwa moyo wote: jengo la Wajerumani, reli yao ilifika hapa mwaka 1914, mwisho wa reli ndiyo huu. "Si tumeshuka hapa jana?" wakanikumbusha.

Nikaokolewa na meli ya Liemba. Bandarini huingii kama unavyoingia gengeni, tuliitazama kwa mbali, lakini masimulizi hayana tiketi. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwenye maelfu ya makasha na kuunganishwa hapahapa Kigoma. Ilishushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kwanza wakazipaka injini grisi tele. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na kufika 1927 ilikuwa inabeba abiria. Shemeji mmoja mwenye gereji ndiye peke yake aliyenyamaza kwa heshima. Baadaye akanivuta pembeni: "Hiyo grisi, ilikuwa aina gani?"

Halafu dagaa. Hakuna mgeni anayekubali kuondoka Kigoma bila dagaa, na kila mmoja ana orodha ya majirani. Nikawaeleza taratibu: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa ya mvuvi haimvuti hata dagaa mmoja. Harusi ilipangwa mwezi mpevu, ili picha zitoke vizuri. Mwalo mkavu. Na hiyo ni afadhali: mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani miezi 3, toka 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane, na huo ndio msimu wetu wa harusi baada ya mavuno. Waliooa kipindi kile walinunua dagaa wa akiba kwa bei ya mahari.

Shangazi hakunielewa. Alisimama Kibirizi, mkoba wazi, akiwatazama wavuvi wanaoshona nyavu kana kwamba wamewaficha dagaa. Mwishowe kauziwa chupa ya mawese, nayo imevuja kwenye begi la sare.

Sasa naambiwa mdogo wake bwana harusi naye kachumbia Kasulu, na barabara ya kwenda Kasulu inaanzia mlangoni kwangu. Wageni wa upande wa bwana harusi, nawaomba: njooni siku 2 kabla, mafua yaacheni Dar es Salaam, na nauli ya boti iwe mifukoni mwenu. Kamati imeshaniambia kifungu cha utalii hakipo.