Jinsi ya Kumhesabu Mkulima wa Alizeti Asikupotee Njiani

Ukifika Iramba au Mkalama, mkoani Singida, na dodoso mkononi, usimuulize mtu "Unafanya kazi gani?" ukaishia hapo. Atakujibu, "Mimi mkulima tu, mwanangu." Utajaza namba, utaaga, utakwenda kunywa chai, na mkoa mzima utaonekana umeshika jembe mwaka mzima. Kaa chini. Muulize mavuno yakiisha anafanya nini. Hapo ndipo atakapokuambia kwamba anasomba magunia kwa pikipiki hadi kwenye mashine ya kukamua, mkewe anauza mafuta kwa madumu kando ya barabara kuu, na mashudu wanamuuzia mfugaji.

Sasa fungua kitabu cha kuainisha shughuli za uchumi. Katika toleo la nne la ISIC, mfumo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2008, alizeti ikiwa shambani ni 0111. Ikikamuliwa ni 1040. Bodaboda akipakia abiria yuko 4922; akimshusha abiria na kupakia gunia amehamia 4923, na humo atamkuta mwenye mkokoteni wa punda. Mkulima mwenye pikipiki ni mtu mmoja, namba tatu. Dodoso la utafiti wa nguvukazi linauliza habari za siku saba zilizopita, na lina nafasi ya kazi ya pili. Tafadhali usiiruke kwa sababu jua limekuwa kali. Siku saba za Januari, watu wakiwa kwenye palizi, hazifanani hata kidogo na siku saba za Julai.

Ukimwandika mkulima peke yake, mhandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, atakayesoma takwimu zako atamwona mtu anayeishi hatua chache kutoka shambani kwake, asiye na safari. Njia ya kutoka kijijini hadi mashineni haitaonekana popote, nayo ndiyo inayobeba magunia yote hayo. Kwa hiyo uliza pia kazi inafanyikia wapi: kijiji gani, kata gani. Ukiandika "Singida" hujaandika kitu; kutoka Shelui hadi Itigi ni safari ya kubeba chakula.

Hili linalofuata nalisisitiza kuliko yote. Toleo la tano la ISIC lilipitishwa mwaka 2023, na mfumo ukibadilika baadhi ya namba huhama. Ukiwa umeandika namba tupu, hakuna atakayeweza kurudi nyuma kumpanga upya yule mkulima. Andika maneno yake mwenyewe: "Nasomba alizeti ya watu kwa pikipiki, nalipwa kwa gunia." Namba itawekwa ofisini. Na huko ofisini, kwa miaka michache, wekeni ya zamani na ya mpya sambamba, ili anayelinganisha ajue kama wasombaji wa Singida wameongezeka kweli au wamehamishiwa fungu jingine tu.